Umekula nini? Sijala kitu, nina mtihani

Jana saa nane usiku nimeamshwa na alamu ya senso, kile kifaa ninachovaa cha kupima sukari, sukari 14, iko juu. Jioni nilikula kidogo tu, dozi ya insulini nilijichoma ileile ya siku zote, hesabu nimeirudia mara mbili hamna nilipokosea. Kilichobadilika ni kimoja tu, asubuhi nilikuwa na mtihani.

Nina kisukari aina ya kwanza toka nikiwa na miaka 19, sasa hivi nina 24, na katika miaka yote hiyo kinachonichosha kuliko hata sindano ni lile swali la "umekula nini?" Yani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikitoka juu ndo swali la kwanza, na usipokuwa na jibu unaonekana unaficha kitu. Kuna daktari mmoja aliwahi kuniambia mimi ni mzembe, nikatoka pale nikakaa miezi minne sijarudi kliniki, na hiyo miezi minne ndo nilijiharibia kweli.

Ndo maana nikaanza kusoma tafiti mwenyewe, nilitaka kujua kama hii ya stresi kupandisha sukari naiota au ipo. Ipo. Ukipata hofu mwili unaandaa nguvu za kukimbia au kupigana, homoni za adrenalini na kotisoli zinatoka, ini linafungua akiba yake linamwaga sukari kwenye damu. Mtu ambaye kongosho lake ni zima insulini inaongezeka yenyewe, mambo yanaisha bila yeye kujua. Mimi insulini yangu ni ile niliyojichoma saa mbili usiku, haijui kama nina mtihani. Halafu kotisoli inafanya hiyo insulini kidogo iliyopo ifanye kazi kwa shida zaidi. Sio wote wanapanda lakini, kuna wengine wakiwa na stresi wanashuka kwasababu hawali, na kuna wanaosahau dozi kabisa manake kichwa kimejaa. Ukichanganya na kukosa usingizi ndo basi tena.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa zamani kidogo, unaitwa DCCT, ulifanyika Marekani na Kanada kuanzia 1983 mpaka 1993, watu 1,441 wa miaka 13 hadi 39 wote wa aina ya kwanza. Ndo uliothibitisha kwamba ukiibana sukari vizuri unaokoa macho, figo na mishipa ya fahamu, kwenye macho hatari ya ugonjwa kuanza ilipungua kwa asilimia 76. Hiyo namba kila mtu anaitaja. Ila kuna vitu viwili ambavyo mimi sijawahi kuvisikia kliniki. Cha kwanza, hao waliobana sukari walikuwa wanaonana na wataalamu kila mwezi na katikati wanapigiwa simu mara kwa mara, kwahiyo haikuwa dozi peke yake, kulikuwa na mtu upande wa pili anayeuliza unaendeleaje! Cha pili, wale wadogo wa miaka 13 mpaka 17 pamoja na msaada wote huo waliishia kwenye asilimia 8 na kidogo kwa kile kipimo cha miezi mitatu wakati wakubwa walifika 7 na kidogo. Dawa zilezile, wataalamu walewale. Sehemu ni homoni za balehe zinazoizuia insulini, lakini umri huo pia maisha yenyewe yanakuvuta huku na huku, na sukari kushuka vibaya kwa kundi lile la kubana kulikuwa kama mara tatu ya wenzao waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Mtu aliyewahi kuzimia usingizini anaogopa kulala, hiyo nayo ni stresi na imeletwa na matibabu yenyewe.

Wenzetu wa aina ya pili ambao ni vijana hali yao ni ngumu zaidi na hawasemwi kabisa, watu wanadhani aina ya pili ni ya wazee. Utafiti wa TODAY wa hukohuko Marekani ulichukua vijana 699 wa miaka 10 hadi 17, majibu yakatoka 2012, metifomini, kidonge cha kushusha sukari, peke yake ilishindwa kwa karibu nusu ya waliopewa. Waliendelea kuwafuatilia, mwaka 2021 ikaonekana wakiwa na wastani wa miaka 26 asilimia 60 tayari wana dhara angalau moja kwenye macho, figo au mishipa ya fahamu. Miaka 26 jamani. Na wengi walitoka kwenye familia za kipato kidogo, kwahiyo unapomwambia kijana kama huyo aache uvivu sijui unamsaidia nini.

Senso na pampu za insulini zimesaidia sana, siwezi kurudi kwenye kutoboa vidole mara nane kwa siku. Lakini namba mpya kila dakika tano ni kama kusahihishwa mchana na usiku, kuna siku naigeuza simu kifudifudi nipumue.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walitoa dodoso linaitwa PAID, maswali 20 kuhusu mzigo wa kuishi na kisukari, kama vile unaogopa madhara ya baadaye, unajisikia hatia ukikosea, unajiona uko peke yako. Huu sio lazima uwe sonona, ni uchovu wa ugonjwa wenyewe, na miongozo ya siku hizi inasema wagonjwa waulizwe mara kwa mara. Kila swali lina alama 0 mpaka 4, unajumlisha unazidisha kwa 1.25, na kuanzia 40 mzigo unahesabika kuwa mkubwa. Miaka mitano nimepimwa damu, mkojo, macho, miguu, hili hakuna aliyewahi kunipa.

Nimelijaza juzi usiku mwenyewe. Nimepata 55, na nililia kidogo, sio kwa huzuni, nilikuwa naona namba ya kitu ambacho nimeambiwa siku zote ni uzembe. Nimeliprinti. Alhamisi nina kliniki na nitaiweka hiyo karatasi mezani kabla sijaulizwa nimekula nini.