Njia fupi hazitoshi: kinachozuia mtandao kwenda pamoja

Tangu Watts na Strogatz watoe makala yao kuhusu mitandao ya "dunia ndogo" mwaka 1998, imeenea dhana kwamba ukifupisha njia kati ya nodi (vituo vya mtandao), mtandao mzima utaenda pamoja, yaani kwa mdundo mmoja, kwa urahisi. Dhana hiyo inapotosha, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha.

Chukua osileta (mifumo inayoyumba huku na huku) 100 zinazofanana, uzipange duara, kila moja imeunganishwa na jirani zake wawili. Andika matriksi ya Laplace, jedwali la namba linaloeleza viungo vya mtandao: kwenye ulalo weka idadi ya viungo vya kila nodi, kisha −1 kila penye kiungo. Tafuta thamani zake za aigeni, yaani namba maalumu zinazoeleza tabia ya matriksi. Ndogo kabisa ni 0 siku zote. Inayofuata, λ₂, ni 0.0039; kubwa kuliko zote, λN, ni 4. Uwiano wa λN kwa λ₂: takriban 1,013.

Mwaka huohuo wa 1998, Pecora na Carroll walionyesha sharti la mtandao kwenda pamoja: zidisha kila thamani isiyo 0 kwa nguvu ya muunganiko, na majibu yote yaangukie ndani ya dirisha la uthabiti la osileta, yaani kati ya mipaka miwili ambamo mwendo wa pamoja hudumu. Kwa mifumo mingi ya kaotiki (yenye mwendo usiotabirika), mpaka wa juu wa dirisha hilo ni kama mara 5 hadi 100 ya ule wa chini. Duara letu limeshindwa: ukiongeza nguvu ili kuinua λ₂ iingie dirishani, λN inapita mpaka wa juu.

Sasa jaribu nyota: kitovu kimoja, nodi 99 pembeni. Wastani wa njia haufiki hatua 2, lakini uwiano ni 100. Ukiweka nodi 1,000, unakuwa 1,000. Hapa umbali hauna kosa. Kitovu kinaelemewa, kwa sababu kinavutwa na wote kwa mkupuo. Nishikawa na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2003.

Tiba nzuri mno ni kugawanya mvuto unaoingia kwenye kila nodi kwa idadi ya viungo vyake. Thamani za nyota zinakuwa 0, 1 na 2 tu. Uwiano ni 2, hata nodi ziwe ngapi. Duara halifaidiki, maana viungo ni 2 kila mahali. Lenyewe linahitaji njia za mkato.

Hesabu ikikupa λ₂ iliyo 0, mtandao umekatika vipande. Dirisha likiwa halina mpaka wa juu, hangaika na λ₂ peke yake. Na osileta zikiwa na kasi tofauti, kama jenereta za gridi ya umeme, usiitegemee hesabu hii: Witthaut na Timme walionyesha mwaka 2012 kwamba kuongeza laini moja kunaweza kuvunja mwendo wa pamoja uliokuwepo.