Kiti cha arobaini

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa shirika dogo la watu wenye ulemavu mkoani Tanga. Siku ile, Pangani, kazi yangu ilikuwa kushika daftari tu: viti mwendo 40, majina 40, sahihi au dole gumba. Viti vilitoka Ulaya kwa kontena, bado vinanuka dawa ya wodi.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na ushei. Kisha mambo yakaenda mbio, mpaka jina la mwisho.

Alikuwa mzee mmoja, mkwezi wa zamani. Alianguka mnazini, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu hapo riziki yake ikawa kushona nyavu za wavuvi, akijiburuta kwa mikono juu ya kipande cha gunia. Tukamnyanyua watu wawili, tukamkalisha. Vigelegele. Mpiga picha kainua kamera.

"Nishusheni," akasema.

Nikamwinamia. "Mzee, kiti ni chako hiki."

"Nani alinipima?"

Hakuna aliyempima, wala yeye wala wale 39. Tulipima kontena. Vilikuwa viti vya kusukumia mgonjwa kwenye sakafu ya marumaru; magurudumu ya mbele madogo kama visosi, ambayo mchanga wa Pangani ungeyameza kabla hajafika mlangoni kwake. Pa kukalia ni turubai lililolegea, mto hakuna.

"Lete mkono, mwanangu. Uweke chini yangu."

Mbele ya umati ule! Niliona haya, lakini nikapenyeza vidole chini ya makalio ya mtu wa makamo ya babu yangu. Mfupa ukavibana mpaka nikauma meno.

"Wewe umesikia. Mimi huku sisikii kitu. Kidonda cha hapo hapo kilinilaza hospitali miezi minane."

Tukamshusha. Mgeni rasmi akaninong'oneza kama mzee ana akili timamu. Bosi wangu hakuuliza neno, alisema tu, "Andika arobaini." Nikaandika. Dole gumba lilipokosekana, nikachovya langu kwenye wino.

Kiti chenyewe kikaishia stoo. Usiku mlinzi alikikalia akisikiliza redio, naye, kusema kweli, hakuwahi kulalamika.

Mwaka 2013 nilipata mafunzo ya viti mwendo Moshi. Siku ya tatu mwalimu akatuonyesha namna ya kukagua mgandamizo: mkono chini ya mifupa ya makalio, kila upande, usikie kama vidole vinabanwa. Nikacheka peke yangu darasani, wenzangu wakanishangaa.

Niliporudi nilikwenda Pangani na futi kamba. Upana wa nyonga, urefu wa paja, goti hadi kisigino. Ilichukua miezi kadhaa kupata kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele limesogezwa mbali lisizame, na mto uliochongwa kwa mwili wake. Alikaa, akatulia, kisha akasema, "Lete mkono." Safari hii vidole viliingia na kutoka.

Nikafungua daftari atie dole. Akalivuta, akasoma jina lake, akanitazama.

"Hapa pameshatiwa. Hiki kidole cha nani?"

Nikamwonyesha changu.