Nani alikuonyesha?

Wota pampu mpya ya gari langu imekwisha kufungwa, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, haipungui tena, na kwa haki ningepaswa kuandika leo kwa furaha. Badala yake nimekaa nikirudia maneno ya baba, "Nani alikuonyesha?", ambayo kila ninapoyarudia hubadilika sauti: mara ni ya mshangao, mara ya dharau, mara ya mtu anayeulizia tu njia ya kwenda sokoni.

Mnaokifahamu kigari changu cha silinda tatu mnajua kwamba tangu Ramadhani kilikuwa kinakunywa kulanti bila kuonyesha kinakoipeleka. Chini yake hapakuwa na tone. Hakikutoa moshi mweupe, oili haikuwa na rangi ya maziwa, na rejeta haikutoa mapovu injini ikinguruma, kwa hiyo sikuona sababu ya kuishuku gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia kulanti isiingie ndani ya silinda wala kwenye oili. Fundi wa kwanza alinishauri niongeze maji ya bomba na kuendelea na safari zangu. Wa pili alitaka tubadilishe rejeta nzima. Gari lenyewe halina mshale wa joto, lina taa ya buluu na nyekundu tu, na hiyo nyekundu inapowaka mara nyingi madhara yamekwisha kutokea.

Jumamosi nililipeleka Mbagala kwa baba. Tuliazima pampu ya kupimia presha kwa jirani mwenye gereji, tukaifunga kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi, tukaijaza hadi bar 1.1, kipimo cha presha kilichoandikwa juu ya mfuniko. Presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke hadi yavuke nyuzi 120, na ndiyo hiyo hiyo inayoyasukuma yatoke penye udhaifu ambao gari likipoa hauonekani. Mshale wa pampu ukaanza kushuka taratibu. Baba akapapasa mipira yote, ya juu na ya chini, akapitisha tochi kwenye rejeta, kisha kwenye wota pampu, akasema, "Hapa pakavu."

Mimi nikalala chini juu ya gunia na kutazama kutokea upande wa pili. Chini ya wota pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, ili sili ya ndani, ile inayozuia maji, ikichoka kulanti itokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kuzunguka kitundu kile palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, na katikati yake unyevu uliokuwa unameremeta. Ndiyo maana hatukuwahi kuona dimbwi: kilichovuja kilikaukia kwenye chuma cha moto, kikabaki rangi tu.

"Baba, hebu angalia hapa chini ya wota pampu."

Aliinama, akakaa kitambo, akafuta mikono.

"Nani alikuonyesha?"

"Nimeona mwenyewe, baba."

"Haya."

Basi. Katika wiki ambayo Mwajuma alichumbiwa na mimi nikapokea barua ya kuhamishiwa Morogoro, hilo "haya" ndilo lililoninyima usingizi. Ndugu yangu Idi alipokuwa na miaka kumi na mitano aligundua plagi mbovu kwenye pikipiki ya jirani, na hadi leo kila mgeni anayekanyaga ukumbi ule husimuliwa. Mimi kutwa nzima maabara nachunguza vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni, lakini nikikiona kimoja uani kwa baba, lazima pawe na mtu aliyenionyesha. Nilipanga hata jibu ambalo ningempa, la adabu lakini lenye makali, na nimeliboresha sana tangu Jumamosi.

Jibu hilo lilianza kunichacha nilipokumbuka kazi ya Jumapili. Tulimwaga kulanti, tukalegeza mkanda, na baba, aliyeziba rejeta za shaba za malori ya Scania kwa risasi kabla sijazaliwa, akachukua spana namba 12 kwa boliti ya namba 10, akairudisha, akaichukua tena. Boksi la wota pampu mpya alilisogeza mbali na uso, kisha akanipa akisema, "Nisomee, mama." Kukwangua gasketi ya zamani aliniachia mimi, kazi ambayo hajawahi kumwachia mtu. Tulipojaza kulanti na kuiacha injini ingurume mdomo wa rejeta ukiwa wazi ili hewa itoke, aliuliza mapovu yameisha huku amekodolea macho pale pale yanapotokea.

Kwa hiyo huenda Jumamosi hakuwa akinipima. Huenda alitaka kujua kama kweli pana kitu pale, kwa sababu yeye tochi aliipitisha mahali pale pale akaona pakavu. Bado nadhani angeweza kusema neno jingine zaidi ya "haya", na kuhusu Idi sijabadili msimamo. Lakini mama ananiambia kwamba kila Alhamisi usiku baba huendesha gari hadi Kibaha kumtazama shangazi, barabara ile yenye malori yanayowasha taa kali, na mimi natakiwa kuripoti Morogoro mwisho wa mwezi. Idi hawezi kumwambia baba habari ya kupima macho akasikilizwa. Nikimwambia mimi, ataniuliza nani aliyenituma.