Kufunika wali bila nailoni

Kibandani kwangu karibu na soko la Kibuye, Kisumu, sufuria ya wali haifunikwi tena kwa nailoni, ile ambayo wateja wengi huiita karatasi. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini mfuko wa mkate na wa sukari ulibaki, na ndio unaoishia chini ya kifuniko.

Plastiki ya mifuko hiyo, yaani polithini, huyeyuka karibu na nyuzi 110 za Selsiasi. Mvuke ni nyuzi 100 tu, ila ukingo wa sufuria juu ya makaa hupita hapo. Tazama jinsi mfuko unavyonata ukingoni na kuacha utando usiotoka hata kwa sufi ya chuma. Joto, mafuta na muda ndivyo vinavyohamisha kemikali kutoka plastiki hadi chakulani, na mfuko wa mkate una wino juu yake.

Ninatumia jani la mgomba. Ondoa uti wa kati, lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea. Likiwa bichi linapasuka. Mchele wa Ahero kilo 4 naupa maji lita 7. Maji yakikauka na vishimo vikaonekana juu, pishanisha majani mawili, chomeka kingo zake ndani (zikining'inia nje zinaungua na wali unanuka moshi), funika, weka jiwe safi. Toa makaa yabaki kama theluthi, acha dakika 20. Wali wa juu ukibaki na kiini, usilaumu jani: kifuniko kimepinda. Kigonge ukingo juu ya ubao bapa.

Kufungasha ndiko kugumu zaidi. "Mathe, nitilie tu kwa karatasi," na maharagwe bado yanatokota! Mkebe wa plastiki wa mteja naugeuza kwanza nisome namba ndani ya pembetatu, inayotaja aina ya plastiki. Namba 5 napokea, inastahimili moto. Namba 6 hulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo mchuzi moto hapana. Namba 3 huwa na vilainishi viitwavyo thaleti, ambavyo huhamia kwenye mafuta. Samaki wa kukaanga haingii humo. Namba 7 ni mchanganyiko, na baadhi yake hutoa kemikali ya bisfenoli A, inayoiga homoni ya estrojeni. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mkebe usio na namba napakulia kachumbari tu.