Siku moja maishani mwangu: fundi wa Lamu na toleo lililosubirishwa

Saa kumi na mbili asubuhi. Usiku intaneti ya Langoni huwa nyepesi, kwa hivyo faili la toleo jipya lilijipakua nikiwa nimelala. Limezidi gigabaiti mbili. Nililihakiki, nikaliandika kwenye flashi, nikanywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha nikafungua duka. Mchana natengeneza laptopu. Saa za ziada najitolea kuujaribu mfumo endeshi mmoja wa Linux, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kabla haujawafikia watu. Leo saa mbili usiku mimi na wenzangu tunaamua kikaoni: toleo litoke wiki ijayo, au lingoje.

Kinacholikwamisha ni hitilafu moja. Femuwea ya kompyuta ni ile programu iliyomo kwenye chipu ya ubao mama, inayoamka kabla ya mfumo wowote. Ukibonyeza kitufe cha kuisasisha, kompyuta inajizima, inajiwasha, halafu inagoma na kukuonya kwamba usalama umekiukwa. Sababu tunaijua. Programu ya fwupd, inayosimamia kazi hiyo, huweka faili dogo kwenye sehemu ya diski ya kuwashia, na faili hilo lazima liwe na sahihi ya kidijitali inayokubaliwa na Secure Boot, ulinzi unaozuia kompyuta kuwashwa kwa programu isiyoaminika. Sahihi ya safari hii haikubaliwi.

Saa tatu. Laptopu ya kwanza iligoma, nikabonyeza OK, ikawaka kama kawaida. Femuwea yake haikuguswa. Ndivyo inavyotakiwa: amri ya kuliwasha faili lile ni ya mara moja tu, ikishatumika inafutika. Zingekuwa zote hivi, ningesema toleo litoke na kiraka, yaani sasisho la kurekebisha hitilafu, kifuate.

Saa tano. Ya pili ni kuukuu, ya aina ambayo walimu wa huku huinunua sana kwa kuwa bei yake inashikika. Iligoma. Nikabonyeza OK, ikarudi palepale. Nikaizima, nikaiwasha, palepale. Nilipoingia kwenye mipangilio ya UEFI, ndiyo femuwea yenyewe, nikaona kisa chake: ile njia mpya ya kuwashia imepandishwa juu ya orodha, ikautangulia mfumo wenyewe. Nikaishusha, ikawaka. Kwa anayejua ni kazi ya dakika moja. Asiyejua ataamini laptopu imekufa, atatia nauli mfukoni, apande mashua hadi Mokowe na basi hadi Mombasa kumtafuta fundi. Nilipiga picha ya skrini, nikaandika ripoti pamoja na modeli na namba ya femuwea.

Saa saba. Mwalimu mmoja wa Siyu alikuja kuchukua laptopu yake, ana haraka ya kuyawahi maji kabla hayajatoka. Nilimuuliza: “Mwalimu, ukifungua ukute masasisho mawili, moja megabaiti ishirini na jingine gigabaiti nzima, utaanza na lipi?”

“Fundi, bando langu ni la kuhesabu. Nitaanza na hilo dogo.”

Basi hapo ndipo penye uzito wote. Dogo ni la femuwea. Kubwa ndilo lenye kiraka. Wenzangu wanaosema “tutarekebisha siku ya kwanza” wanawafikiria watu wenye intaneti isiyohesabiwa, ambao mfumo wao utakuwa umeshajisasisha kabla hawajabonyeza chochote. Huku faili la toleo huzunguka kwa flashi miezi sita, mkono kwa mkono, likiwa na kasoro ileile liliyozaliwa nayo. Kiraka hakilifuati ndani ya flashi.

Saa kumi, baada ya Alasiri, nilikaa na kahawa nikipanga hoja. Yapo yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2003 Mandrake 9.2, mfumo mwingine wa Linux, iliua visomeo vya CD vya LG, kwa sababu femuwea ya visomeo hivyo iliielewa vibaya amri ya kawaida. Ubuntu 17.10, nao wa Linux, ilitoka Oktoba 2017. Desemba ikaondolewa kwenye ukurasa wa kupakua baada ya kiendeshi cha chipu ya Intel kuharibu BIOS, yaani femuwea ya ubao mama, za baadhi ya laptopu, zikiwemo za Lenovo, na faili lililorekebishwa likaja Januari 2018. Kungoja kidogo kabla ni nafuu kuliko kuondoa baadaye.

Saa mbili usiku. Kikao kilikuwa kigumu, na upande wa pili una haki yake: vigezo vyetu vya kutolea toleo vinataja usasishaji wa vifurushi vya programu, havitaji femuwea, na kuna marekebisho ya usalama ambayo watu wanayangoja. Mmoja akasema femuwea ni mzigo wa mtengenezaji wa kompyuta. Nilijibu kwamba kitufe ni chetu, kiko kwenye skrini yetu, na anayekibonyeza ametuamini sisi. Nikaweka picha za laptopu ya pili, nikaeleza habari ya bando. Kukawa na maswali mengi juu ya ile orodha ya kuwashia. Mwenzetu mwingine akaijaribu kwenye laptopu yake ya modeli ileile, ikanasa vilevile.

Kura zikaamua hitilafu inazuia toleo. Tumesogeza wiki moja.

Saa nne usiku. Faili lenye sahihi mpya limeshaanza kujengwa, na kigezo cha femuwea kimependekezwa kwa maandishi ili toleo lijalo tusibishane upya. Likikamilika nitalipakua, nianze na laptopu kuukuu, Secure Boot ikiwa imewashwa.