Kusoma Mabango Kutoka Mwanza Hadi Rugezi

Tuliondoka Mwanza asubuhi kwa barabara ya Musoma, na kazi yangu dirishani ilikuwa kusoma mabango ya maduka. Hadi tunaipita Magu, mengi yalikuwa ya Arial, fonti, yaani mtindo wa herufi, wa kompyuta. Fonti hiyo inakuja na Windows tangu 1992, kwa hiyo kila stesheneri inayo bila kuinunua. Ilichorwa 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya herufi ya Monotype, na upana wa herufi zake ukalinganishwa na wa fonti ya Helvetica, ili moja ikishika nafasi ya nyingine mistari isihame.

Helvetica yenyewe ni ya Uswisi, 1957. Eduard Hoffmann, mkuu wa kiwanda cha herufi cha Haas, alimpa Max Miedinger kazi ya kuichora. Jina tunalolijua lilikuja 1960.

Bunda tukakunja kushoto kwenda Kisorya. Foleni ya kivuko cha kwenda Rugezi, kisiwani Ukerewe, inatoa muda wa kutazama, na neno RUGEZI ni kipimo kizuri kwa kuwa lina R na G. Mguu wa R ya Helvetica unashuka wima. Wa Arial unakwenda mshazari. G ya Helvetica ina kisigino chini kulia, ya Arial haina. Kisha angalia ncha za c na s ndogo: Helvetica imezikata mlalo, sambamba na mstari wa maandishi, na neno zima linasimama kama ukuta uliopigwa timazi. Ndiyo maana haijachuja, na mimi naipenda kwa hilo hasa.

Kando ya foleni kulikuwa na kibao kilichoniuma. Jina fupi, bati refu, fundi akavuta herufi zijaze nafasi. Ukivuta upana hadi asilimia 150, mistari ya wima inanenepa mara moja na nusu, ya mlalo inabaki vilevile, na uwiano wote unakufa. Afadhali uachanishe herufi, au utafute fonti iliyochorwa pana tangu mwanzo.

Majini Helvetica ina udhaifu wake. Ncha zile za mlalo zinabana midomo ya c, e na a. Jua likimeta ziwani, kwa mbali zote zinaonekana o. Kwa kibao cha gatini andika kwa herufi kubwa, uziachanishe kidogo, na kimo kiwe sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Msomaji akiwa kwenye mtumbwi mita 30 kutoka ufukweni, hiyo ni sentimita 25.