Kwa nini usitafiti kwenu?

Nimerudi chumbani usiku huu, viatu sijavua, na hasira haijaisha, mtanivumilia.

Leo nilikuwa Shanghai kwenye kongamano la watafiti wa utamaduni na vyombo vya habari vya Asia. Treni ya kasi kutoka Beijing ni zaidi ya yuani 500 kwenda tu, na nimejilipia. Posho ya ufadhili wetu wa uzamivu ni yuani 3,500 kwa mwezi, pigeni hesabu, ninyi mnaosema niko China nakula bata.

Mada yangu mnaijua: akina mama watu wazima wanaocheza dansi viwanjani jioni, na wanavyorushiana video za mitindo kwenye WeChat na Douyin, yaani TikTok ya Wachina. Mwaka wa tatu huu nawafuata. Kufika ukumbini, natazama ratiba, nimepangwa kikao cha "Afrika na China". Mada haina Afrika hata nukta. Afrika ni mimi niliyeibeba.

Nikawasilisha. Nikaeleza serikali ilivyotoa mitindo 12 ya mfano mwaka 2015, na kundi langu lilivyojifunza miwili likaitupa. Yakaja maswali. La kwanza: Watanzania waliipokeaje ile tamthilia ya Kichina ya Dou Dou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaoneshwa TBC mwaka 2011? Jamani, nilikuwa kidato cha pili, bweni, televisheni tunaiona likizo! La pili: Wachina wananitazamaje njiani? La tatu likatoka kwa profesa mmoja mpole kabisa: "Kwa nini usitafiti kwenu? Kule ungekuwa mwenyeji."

Aliyekaa pembeni yangu ni Mjerumani, anatafiti sinema za Korea. Ujerumani haikutajwa.

Jambo hili ni la zamani. London, miaka ya 1930, mwanaanthropolojia Malinowski alikuwa na wanafunzi wawili, Jomo Kenyatta na Mchina Fei Xiaotong. Kenyatta akaandika kuhusu Wakikuyu wenzake, Fei kuhusu kijiji cha Kaixiangong katika Jiangsu alikozaliwa. Kazi zote mbili ni nzito, sizibezi. Ila mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa Kraków, Poland, jina alilipata kwa kuwachunguza watu wa visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, na sijasikia kwamba kuna aliyemwambia arudi Kraków akawachunguze wajomba zake. Wachina nao leo wanakuja kwetu kutafiti, Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960, na sisi tunawakaribisha chai.

Mnaoniandikia mkiulizia nafasi: kama mada yako ni watu, usidanganyike na kozi za Kiingereza. Soma Kichina. Na ukifaulu HSK 5, mtihani wa Kichina wa ngazi ya tano, usijione umefika, maana kitabu utakisoma lakini uwanjani bibi wa Beijing anameza nusu ya neno, na hiyo nusu ndiyo yenye utafiti. Halafu msimamizi aikubali mada yako kwa maandishi kabla hujapanda ndege, la sivyo utajikuta unaandika kuhusu reli ya TAZARA waliyotujengea Wachina, bila kupenda.

Niliposhuka kituoni nikapitia uwanjani, wanakaribia kumaliza. Kuna mmoja, wote nawaita ayi kama sisi tunavyomwita kila mtu mzima mama, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu. Akauliza uso umekunjamana kwa nini. Nikamsimulia yote. Pole hakunipa. Alitaka kuiona karatasi yenyewe.

Akavaa miwani, akasoma chini ya taa ya barabarani, kidole kinafuata mstari, wenzake wamemzunguka. Ukurasa wa nne akasimama.

"Hapa umekosea. Umeandika tuliacha ile mitindo kwa sababu ililetwa na serikali. Tuliiacha kwa sababu ina kurukaruka. Magoti haya yaruke?"

"Magoti gani," akadakia mwingine. "Muziki wake ndio ulikuwa mbaya."

Wa tatu akasema wote waongo, waliiacha kwa kuwa kundi la uwanja wa pili liliijua vizuri kuliko wao. Kelele zikaanza, huyu anakana, yule anaapa, spika imezimwa na hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani kupika. Daftari likajaa. Nikaitoa ratiba ya kongamano mkobani, nikaigeuza, nikaendelea kuandika nyuma yake.